Shangazi Hafichi

Baba mdogo alikufa maji MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996. Shangazi wa Bukoba mjini anakumbuka hata shati alilovaa akipanda meli. Shangazi wa Muleba, ambaye naye alimsindikiza bandarini, hakumbuki kitu. Nilipomhoji kwa ajili ya riwaya yangu nikaona ananificha, nikamjibu ovyo. Akanyamaza.

Baadaye nikasoma: msongo mkali ukidumu, homoni ya kotisoli huweza kudhoofisha viungio vya chembe za neva kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu. Jeni nazo huchangia, ila hata ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa.

Labda hafichi, jamani. Labda hakipo. Jumapili nakwenda Muleba kumwomba radhi. Daftari nitaliacha nyumbani.