Mkato Uliohamisha Visima

Mwongozo niliuharibu mimi. Nalisema mapema kwa sababu kwa muda mrefu nililipa jambo hili majina mengine: hitilafu, tofauti za mitambo, simu mbovu za watu.

Ulikuwa mwongozo wa programu ndogo huria ya kuweka visima vya maji kwenye ramani. Tulioiandika tulikuwa watu wa Kolwezi na Lubumbashi, pamoja na wenzetu wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambao wengi wao sijawahi kuonana nao uso kwa uso. Mwongozo ulikuwa wa lugha mbili, Kifaransa na Kiswahili, na kama kawaida ya kazi za namna hii, kila aliyepita aliacha alama za shule aliyosoma.

Sisi wa Kongo tumelelewa na imla ya Kifaransa. Mwalimu anatamka « deux points, ouvrez les guillemets », nawe unaacha nafasi kabla ya nukta mbili, unafungua nukuu kwa mabano yale yenye ncha, na ndani yake unaacha nafasi tena. Namba ya sehemu inaandikwa kwa mkato: 3,14. Mwenzangu wa Nairobi anaandika 3.14, nukuu zake ni vijiti viwili juu, na nukta mbili zinagandana na neno lililotangulia. Hakuna aliyekosea. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na mkato zote zinafaa kutenga desimali. Hata hifadhidata ya CLDR ya Unicode, inayoambia kompyuta kila lugha huandikwaje, inakipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, sw-CD, na desimali yake ni mkato. Kiswahili cha Tanzania na Kenya desimali yake ni nukta.

Lakini kwenye mwongozo wetu ukurasa mmoja ulisema « Bonyeza hapa : » na uliofuata ukasema "Bonyeza hapa:". Jedwali moja lilikuwa na 2,5 na 2.5 mstari kwa mstari. Jicho langu lilikuwa likiwasha. Nami natoka Kolwezi, mji ambao mkato ni pesa: kwenye depo za Musompo bei ya madini imeandikwa ubaoni kwa kila asilimia ya teneri, yaani kiwango cha metali ndani ya jiwe, na mchimbaji aliyetoka shimoni na gunia lake anajua vizuri kuliko profesa tofauti ya 2,5 na 25. Nikajiambia kwamba mtu wa mji kama huu hawezi kuacha karatasi chafu namna ile. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ilikuwa majivuno. Nilitaka mgeni akifungua ukurasa aseme: hawa wamesoma.

Basi usiku mmoja umeme ukiwepo, niliandika amri za kutafuta na kubadilisha, nikaziachia zipite kwenye mafaili yote kwa mkupuo. Kila nukuu ya vijiti ikawa « hivi », pamoja na ile nafasi isiyokatika ambayo kwa macho haina tofauti na nafasi ya kawaida. Kila vistari viwili vilivyofuatana vikawa kistari kimoja kirefu. Kila nukta iliyokaa kati ya tarakimu mbili ikawa mkato. Nikapitia kurasa chache za mwanzo zenye maelezo matupu, nikafurahi, nikatuma. Sikumwomba mtu ahakiki. Nilikuwa na ruhusa ya kuingiza mabadiliko moja kwa moja, nikaitumia.

Nilichosahau ni kwamba ndani ya mwongozo kuna maneno ya kusomwa na watu na maneno ya kusomwa na mashine, na ya pili hayana adabu ya shule yoyote. Mstari huu, kwa mfano, ulikuwa wa kunakiliwa na kubandikwa kwenye terminali:

ogr2ogr -f "GeoJSON" visima.geojson visima.csv

Baada ya mkono wangu kupita, neno la katikati likawa « GeoJSON ». Terminali haijui imla. Iliyachukua yale mabano na ile nafasi isiyoonekana kama sehemu ya jina, ikatafuta muundo wa jina hilo, ikaukosa. Wenye miradi mikubwa walikwisha kuliona tatizo hili. Sphinx, chombo kinachojenga miongozo ya QGIS na ya Python, kinaweza kupindisha nukuu ndani ya sentensi za kawaida, lakini vipande vya amri huviacha kama vilivyoandikwa. Waliokiunda walifikiri. Mimi sikufikiri.

Hata hivyo amri iliyokataa ni kosa lenye huruma, kwa sababu linapiga kelele. Baya zaidi lilikuwa faili la mfano. Tulikuwa tumeweka faili la visima ili mtu ajizoeze nalo, safu zikitengwa kwa nukta mkato, kama zinavyotoka kwenye Excel ya Kifaransa. Katikati ya Kolwezi ni -10.7167 na 25.4667. Nikazigeuza namba hizo zikawa -10,7167 na 25,4667. Kwa mwalimu wangu wa hesabu hizo ni namba zilezile. Programu yetu, kwa upande wake, ilikuwa ikisoma tarakimu hadi ikutane na alama isiyoitambua, kisha inasimama bila kulalamika. Ikasoma -10. Ikasoma 25. Na kwa kuwa mji wote pamoja na pembe zake umo kati ya -10 na -11, na kati ya 25 na 26, visima vya Kasulo, vya Kapata na vya Luilu vyote vilipata anwani moja: nukta moja tu porini, zaidi ya kilomita 90 kaskazini magharibi mwa mji. Hakuna onyo lililotokea. Ramani ilifunguka vizuri, safi kabisa, ikiwa na kisima kimoja.

Kijana mmoja aliyekuwa akifundisha wenzake kukusanya habari za maji mtaani kwao aliniandikia. Nilimfahamu kidogo. Alikuwa amenunua mega kwa pesa yake ili apakue lile faili, na alikuwa amelifuata katika kuandika orodha yake mwenyewe, mkato kwa mkato. Akasema: « Yaya, bisima byote biko pa moya, paka mu pori. »

Nilijua. Si papo hapo, lakini kabla sijamaliza kusoma ujumbe wake tumbo lilikwisha kunishika. Nikamjibu kwamba pengine simu yake imebadilisha alama wakati wa kunakili, kwamba kibodi za simu zina tabia hiyo, ajaribu tena kwenye kompyuta. Hilo lilikuwa kweli kwa simu nyingi. Kwake halikuwa kweli, nami sikuwa na sababu hata moja ya kuamini kwamba lilikuwa kweli. Akajibu: « Pardon yaya, pengine ni miye njo nilikosa. »

Ninaungama kosa hilo zaidi kuliko lile la mikato. Kubadilisha mafaili usiku bila kuuliza ni uzembe, na uzembe unasameheka. Kumwacha mdogo wako aombe radhi kwa kosa lako, kwa vile tu wewe ndiye unayeaminika kujua kompyuta, sina jina lake la upole.

Niliendelea. Nilirudisha nukta kwenye faili la mfano kimyakimya, na kwenye kumbukumbu ya mabadiliko nikaandika: marekebisho madogo ya uandishi. Amri zile sikuzigusa kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelalamika bado. Mwenzetu wa Mombasa ndiye aliyezigundua. Git, chombo kinachotunza kumbukumbu hiyo, huonyesha kila mstari uliguswa mwisho na nani na lini, na yeye aliangalia, akaona jina langu, akaona saa ya usiku, akaona pia yale marekebisho madogo yaliyofuata. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini maneno ya kumbukumbu hayafanani na kilichobadilishwa.

Kwenye Git kosa linageuzwa kwa amri moja, lakini mwongozo wetu haukai kwenye Git peke yake. Mtandao ni ghali, kwa hiyo watu huchapisha kurasa wanazozihitaji kwenye vibanda vya fotokopi, nakala zikazaa nakala. Nimeshaona karatasi yenye « GeoJSON » yangu imebandikwa ukutani kwa selotepu. Niliisahihisha kwa stilo, lakini zile nisizoziona siwezi kuzifikia.

Kwa kijana yule nilikwenda mwenyewe, kwa sababu ujumbe ungenipa nafasi ya kuchagua maneno. Nilimwambia simu yake haikuwa na kosa na kwamba nilijua hivyo siku ile ile. Alinyamaza, kisha akauliza kama orodha yake ya visima inaweza kuokolewa au lazima aiandike upya. Iliokolewa: ndani ya orodha namba zote zilikuwepo, programu ndiyo iliyokuwa ikizikata.

Sasa kuna ukurasa wa kanuni. Maelezo ya Kifaransa yanafuata Kifaransa, na nafasi zake na mabano yake. Ya Kiswahili, baada ya ubishi mrefu ambao nilishindwa, yanafuata mtindo wa wenzetu wa pwani: nukta mbili bila nafasi kabla yake, nukuu za vijiti. Amri, majina ya mafaili na viwianishi haviguswi na mtu yeyote kwa sababu ya uzuri, na programu imefundishwa kukataa mkato pale inapotarajia nukta, kwa sauti. Ruhusa yangu ya kuingiza mabadiliko bila mhakiki niliomba iondolewe. Yale maneno, marekebisho madogo ya uandishi, bado yako kwenye kumbukumbu. Kuyafuta kungevuruga nakala za wenzangu wote, kwa hiyo niliongeza mstari mwingine chini yake unaosema nilichofanya.