Shahidi Aliyenusurika na Shahidi Aliyepotea

Neno shahidi katika Kiswahili lina maana mbili: mtu anayeeleza mahakamani aliyoyaona, na mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Maana hizi, ambazo aghalabu hutazamwa mbalimbali, hukaribiana sana katika maandishi ya Primo Levi, mkemia Myahudi wa Turin, Italia.

Levi alipelekwa Auschwitz mwezi wa Februari 1944, akatumikishwa katika kambi ya Monowitz, kwenye kiwanda cha kemikali cha IG Farben. Kambi ilikombolewa tarehe 27 Januari 1945. Kabla ya kitabu chake maarufu, Se questo è un uomo (1947), yeye na daktari Leonardo De Benedetti walichapisha mwaka 1946 taarifa ya kitabibu kuhusu hali ya afya kambini humo. Utulivu wa taarifa hiyo umo pia kitabuni: hasira imezuiwa, na hukumu ameachiwa msomaji.

Hata hivyo, katika I sommersi e i salvati (1986), Levi anakana kwamba manusura ndio mashahidi kamili. Kwake yeye, shahidi kamili ni yule aliyefika mwisho wa maangamizi na hakurudi. Hapa linazuka swali: marehemu atashuhudiaje?

Jibu mojawapo lilitoka maabara. Mwaka 1945 wataalamu wa Kraków, Poland, walipima nywele za wanawake zilizokutwa Auschwitz, pamoja na vifuniko vya zinki vya matundu ya hewa, wakakuta mabaki ya sayanidi. Matokeo hayo yaliingia katika uchunguzi wa hakimu Jan Sehn, uliotangulia kesi ya Rudolf Höss, mkuu wa kambi, mwaka 1947. Waliouawa walishuhudia kwa nywele zao wenyewe.

Katika kesi iliyosikilizwa mwaka 2000 jijini London, ambamo David Irving alimshtaki Deborah Lipstadt kwa kumwita mkanushaji wa mauaji hayo, upande wa utetezi uliwategemea wanahistoria na mtaalamu wa usanifu majengo, Robert Jan van Pelt. Manusura hawakuitwa, wasije wakahojiwa na Irving, aliyejiwakilisha mwenyewe bila wakili. Jaji Gray aliukubali utetezi. Ulikuwa uamuzi wa busara na wa huruma, ingawa kesi iliamuliwa pasipo sauti yao.

Yapo mambo ambayo ushahidi wa namna hiyo hauwezi kuyabeba. Katika La tregua (1963) Levi anamkumbuka Hurbinek, mtoto wa takriban miaka mitatu, aliyepooza miguu na asiyejua kusema, ambaye alikufa mwezi wa Machi 1945, akiwa tayari huru. Mtoto huyo alikuwa na neno moja, akilirudia usiku, ambalo hakuna aliyelielewa. Maabara isingelipima, wala mahakama isingelipokea. Levi hakulitafsiri, wala hakulipamba. Aliliandika jinsi alivyolisikia, na kwa sababu hiyo Hurbinek yungali shahidi.