Nilimwambia Asiseme

Ukifika kwetu Kataki, mtaa wa mji wa Kalemie, ukauliza nyumba ya mwalimu mwenye mubirizi, mtoto yeyote atakuonyesha. Uzio wangu wote ni mubirizi, na kwa muda mrefu nilijivunia uzio huo kuliko cheti changu cha ualimu. Watu wanajua kwamba majani nayatoa bure. Wasilolijua ni kwamba nusura nimuue shangazi yangu, na kwamba lawama zilimwendea muuguzi, nami nikanyamaza.

Vijiti vya kwanza nilipewa na mama mmoja aliyekuja kutoka Kivu, na jina la mubirizi alikuja nalo yeye. Waganda huuita mululuza. Wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina, nao ni jamaa ya alizeti. Kuupanda ni kazi ya mvivu. Mvua za Oktoba zikishaanza, unakata tawi lililokomaa lenye unene wa kidole gumba, unalichomeka ardhini kwa kulilaza kidogo, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo, basi. Ila usiligeuze kichwa chini. Wanafunzi wangu waliniharibia mstari mzima kwa namna hiyo. Ukiuacha bila kuupogoa, mti unapita paa la nyumba, kisha unatoa maua meupe, madogo madogo, yaliyoshikana vichala, yenye harufu tamu ambayo huitegemei kwa mti mchungu namna ile, na nyuki hujaa tangu asubuhi. Mimi maua nilikuwa siyaoni. Nilipogoa mapema kila mara kwa sababu nilichotaka ni majani.

Uchungu wake ndio ulionipumbaza. Kule Cameroon na Nigeria majani haya ni mboga: huyafikicha na kuyaosha kwa maji mengi, povu la kijani linatoka, hadi uchungu ubaki wa kuonja tu. Niliposikia hivyo niliwahurumia, nikaona wanamwaga dawa. Mimi niliyatwanga mabichi, nikayakamua, nikachuja kwa kitambaa, na kadiri kikombe kilivyozidi kuwa kichungu ndivyo nilivyoamini kina nguvu. Kipimo changu kilikuwa uso wa mnywaji. Akiukunja sana, dozi imetosha.

Na ya kuwashawishi watu nilikuwa na hadithi, tena ya kweli. Mvua ikishasafisha anga, ukisimama ufukweni hapa Kalemie unaiona milima ya Mahale ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania. Huko, mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua misitu ile na dawa zake, walimfuata sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mnyonge, analala lala mchana. Akauendea mjonso, ndivyo Watongwe wanavyouita mubirizi, akavunja machipukizi, akayatafuna. Kalunde akamweleza mwenzake kwamba hiyo ni dawa kwao pia. Kesho yake Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu. Habari ilichapishwa mwaka 1989, ikazunguka dunia. Mimi niliizungusha Kataki: darasani, msibani, kwenye foleni ya maji. Hata sokwe wa ng'ambo wanajua, nyinyi mnangoja nini?

Kuna kipande nilichokuwa nakiruka. Chausiku hakula majani. Aliyaondoa, akamenya gome, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake. Majani na gome ndimo ilimojaa kemikali ya vernodalini, na hiyo ikizidi ni sumu. Nilikuwa nimekisoma kipande hicho, na karatasi yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba yangu. Nilikiacha kwa sababu kiliharibu hadithi: mimi nilikuwa nagawa majani.

Shangazi alihamia kwangu mwaka 2024, ziwa lilipopanda na maji yakaingia nyumbani kwake karibu na ufuko. Ni mjane wa mfanyakazi wa Filtisaf, kile kiwanda cha nguo ambacho sisi wadogo tumebaki kukisikia tu, na watoto wake aliwalea kwa kuuza ndakala, dagaa wa ziwani. Ana kisukari cha siku nyingi. Wakati huo alikuwa anameza glibenklamidi asubuhi na jioni, na kila mwezi alikwenda kituo cha afya kupimwa kidoleni.

Nilimwanzishia kikombe cha mubirizi kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba panya wa maabara wenye kisukari walipopewa maji ya majani haya sukari yao ilishuka. Ni kweli, ilishuka. Ila sikujiuliza swali ambalo hata mwanafunzi wangu wa darasa la tano angeliuliza: kama kidonge kinashusha na majani yanashusha, nani anapandisha?

Shangazi alikunywa bila kunung'unika. Safari iliyofuata ya kupimwa, namba ilikuwa nzuri kuliko zote zilizoandikwa kwenye fishi yake, kadi ya kituo, na muuguzi akamsifu kwamba sasa anashika masharti ya chakula. Alirudi anacheka. Akaniuliza kama amweleze muuguzi habari ya mubirizi. Nikamjibu: "Hapana shangazi, musiseme. Wale hawapendi dawa za nyumbani, watawagombeza bure."

Hilo ndilo ninaloungama hapa, kabla ya mengine yote. Sikukosea kwa kutojua. Kama ningekuwa na hakika na kikombe changu, ningemtuma akaseme, tena kwa sauti. Niliogopa muuguzi asije akakikataza, na zaidi ya hapo, niseme ukweli wote, niliogopa asije akasema kazi hiyo ni ya vidonge vyake. Nilitaka ile namba nzuri iwe yangu.

Siku yenyewe mitumbwi ilichelewa. Shangazi alingoja ndakala hadi jioni bila kutia kitu mdomoni, akarudi amechoka, akameza kidonge chake, akanywa kikombe changu, akaukataa bukari, ugali wetu, na kwenda kulala. Kabla ya alfajiri mke wangu akaniamsha. Shangazi alikuwa ameloa jasho, anatetemeka, anamwita marehemu mumewe kwa jina na kumgombeza kuhusu pesa za kodi. Mtu wa Kalemie akiona jasho, mtetemo na kuweweseka, anawaza malaria. Nikatoka uani na tochi, nikachuma majani, nikamtengenezea kikombe kingine.

Alikunywa nusu. Nusu nyingine ilimteremkia shingoni hadi kwenye kitenge kwa sababu alikuwa hawezi tena kumeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Juu ya jiko la mbabula palikuwa na sufuria ya chai ya jana, imekolea sukari. Wakati bado anameza, chai ile ingemsaidia. Niliisogeza kando ili nipate nafasi ya kuweka bakuli la kukamulia.

Tulimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mimi, hadi kituo cha afya. Zamu ilikuwa ya muuguzi yule yule; alimchoma kidole kabla hata hatujamlaza vizuri. Kimashine kiliandika 31, wakati chini ya 70 tayari ni hatari. Akanigeukia: "Papa, mulimupa kitu gani?"

Nikasema: "Hakuna kitu. Dawa zake tu."

Alimtafutia mshipa akamwingizia glukosi. Ugonjwa huo wa sukari kushuka unavyoondoka ni ajabu: chupa haijafika nusu, shangazi akafumbua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Nikadhani tumemaliza. Mchana jasho likamrudia. Glibenklamidi hukawia mwilini, hasa mwilini mwa mzee ambaye figo zake zimechoka, na muda wote huo inalikamua kongosho litoe insulini, tumbo liwe na chakula au lisiwe nacho. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo haachwi aende nyumbani kwa kuwa tu ameamka. Muuguzi alilijua hilo, akabaki hata zamu yake ilipokwisha. Niliketi kwenye benchi nikimtazama. Alimimina vidonge vyote vya shangazi juu ya meza, akavihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, akasoma fishi, akavihesabu upya. Alikuwa anatafuta kosa lake.

Binti wa shangazi, dada yangu, alifika kutoka Moba wakati mama yake ameanza kukaa na kula. Alimvaa muuguzi yule mbele ya wagonjwa wote: mumemuzidishia mama dawa, mulitaka kumuua. Mtaani habari ikaenda hivyo hivyo, na wapo waliohamisha wagonjwa wao. Mimi nilimshika dada mkono nikamwambia atulie, Mungu amesaidia. Sikuongeza neno.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kwa muuguzi, saa ambayo watu wameshatawanyika, nikamweleza. Hakupandisha sauti, na ningefurahi kama angepandisha. Aliuliza maswali. Majani mangapi? Nikasema kiganja. Kiganja cha nani? Machanga au yaliyokomaa? Ya mti uliokwisha kuchanua au bado? Maji kiasi gani? Akachukua kidonge akakiweka mbele yangu: hiki kina miligramu 5, na kile kilichobaki koponi kina miligramu 5. Kikombe chako cha jana na cha leo vina nini? Sikuwa na jibu hata kwa moja. Na mimi nafundisha hesabu.

Kisha akaniambia jambo ambalo angeweza kuninyima. Alisema hana uhakika kwamba ni majani. Kidonge kile pamoja na njaa na umri wa shangazi vingeweza kumwangusha bila msaada wangu. Hata orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenklamidi haiwafai waliopita miaka 60, na yeye alikuwa amekwisha kufikiria kumbadilishia, ila ile namba nzuri ikamfanya aache kama ilivyo. Nilisikia mwanzo tu. Niliirukia kamba hiyo: basi huenda si mimi!

"Labda," akasema. "Lakini siku ile nilihitaji kujua, mukanificha."

Sasa shangazi anatumia gliklazidi na chakula cha jioni hakikosi. Mubirizi anaula mara moja moja kama mboga, umeoshwa mpaka povu limekwisha, ukaungwa kwa karanga, na muuguzi anajua. Uzio sijaung'oa, sioni mti umekosa nini. Nimeacha kuupogoa, kwa hiyo una maua, na mke wangu anazungumzia kuweka mzinga. Wanaokuja kuomba majani nawauliza kwanza wanameza vidonge gani na kama muuguzi wao ana habari. Wengi hawalipendi swali hilo. Mmoja aliniuliza tangu lini nimekuwa polisi. Asubuhi nyingine nakuta matawi yamevunjwa upande wa barabara, na sikumbuki kumpa mtu.

Limebaki la dada yangu. Mpaka leo anaamini kituo kile kilitaka kumuua mama yake, na kila akija anamsihi ahamie kwingine. Shangazi anajua vizuri alichokunywa na ni nani aliyemwambia asiseme. Hajamwambia binti yake. Ananificha, kama nilivyomfundisha.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alikubali, kwa sharti moja: niyapeleke Moba mwenyewe, nimsomee dada nikiwa nimekaa mbele yake, na nisiruke kipande. Boti inaondoka Alhamisi.