Kinu cha Upepo na Mkia Wake



Upepo hauuzwi sokoni, wala hauna mwenyewe. Ndiyo maana vijana wengi wanautamani. Hapa Baraka, tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini huvuma siku nyingi juu ya ziwa Tanganyika, na wavuvi wa ndagala wanaujua vizuri. Kijana mwenye mbao, sumaku na waya wa shaba aweza kujitengenezea kinu cha kujaza betri. Jambo hilo ni jema. Lakini wengi hujiuliza swali moja tu: nitaupataje upepo mwingi? Swali la pili hulisahau: nitaukwepaje ukizidi?

Tazameni hesabu yake. Mbio za upepo zikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Kinu chenye mabawa ya urefu wa meta 1, katika upepo wa kilometa 36 kwa saa, ncha zake zaweza kukimbia kilometa 200 kwa saa. Waya wa betri ukikatika, hatari huzidi, maana dinamo haina tena kazi ya kuyazuia mabawa, nayo hukimbia yatakavyo. Bawa likivunjika hapo, huruka kama mkuki, wala halichagui kati ya mbuzi na mtoto.

Shida hii si mpya. Huko Marekani, Leonard Wheeler, mhubiri wa Kiprotestanti aliyekaa miaka mingi kati ya Waojibwe wa Wisconsin, alibuni kinu kilichoitwa Eclipse, akapata hati yake mwaka 1867. Alikitia ubao wa pembeni. Upepo mkali uliusukuma ubao huo mpaka gurudumu likageuka ubavu. Upepo ulipopungua, kizito kililirudisha mahali pake.

Vinu vidogo vya siku hizi vingi hufuata akili ile ile. Gurudumu halifungwi katikati ya mlingoti, bali kando kidogo, hata upepo hujaribu daima kuligeuza. Mkia ndio unaolizuia. Lakini mkia wenyewe haukazwi. Umeshikwa kwa bawaba iliyoinama kidogo, hivi kwamba hauwezi kujikunja bila kupanda juu. Upepo wa kawaida hauwezi kuinua uzito wake. Ukija upepo mkali, gurudumu hushinda: mkia huinuka, mabawa hutazama kando, na mbio hupungua. Dhoruba ikipita, mkia hushuka wenyewe, na kazi huendelea.

Mpwa wangu, ambaye ni seremala, alitaka kuukaza mkia wa kinu chake kwa bolti. Akaniambia, “Mjomba, mkia ukijikunja tunapoteza upepo bure.”

Nikamjibu, “Mwanangu, waulize wazee waliosafiri kwa tanga. Dhoruba ikiwakuta ziwani, ni nani aliyeacha tanga wazi ili asipoteze upepo?”

Alinyamaza kitambo, kisha akaenda kutafuta bawaba.

Yafaa pia kujua kipimo. Mkia mzito mno huchelewa kujikunja, na dinamo huweza kuungua; mkia mwepesi mno hujikunja mapema, na betri hubaki na njaa. Basi ongezeni au punguzeni uzito kidogo kidogo, tena kinu kikiwa kimesimama, si wakati wa dhoruba. Kule Fizi, upepo hupigana na vilima na miti, ukaja kwa vishindo. Huko bawaba ni ya lazima zaidi. Wala msisimamishe mlingoti karibu na nyumba au njia ya watoto.

Fundi hodari hapimwi kwa upepo anaoukamata tu. Hupimwa pia kwa upepo anaouacha upite. Umeme unaopotea wakati mkia umejikunja ni taa chache za usiku mmoja. Bawa lililovunjika laweza kuchukua uhai, na uhai haujazwi tena kama betri.