Silinda Nne au Silinda Sita

Katika mji wa Kolwezi watu hujua injini kama wavuvi wanavyojua maji. Magari yabebayo shaba na kobalti hupita usiku na mchana yakielekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, na mtoto wa Manika aliyelala ndani ya nyumba aweza kukuambia kwa mlio tu kama lori lipitalo limebeba mzigo au limerudi tupu. Lakini swali aliloniletea mpwa wangu mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, halikuhusu malori. Alitaka kununua Peugeot 504 ya milango miwili, ile iliyochorwa na kujengwa umbo lake na Pininfarina wa Italia, na alikuwa ameziona mbili huko Lubumbashi. Moja ilikuwa na injini ya silinda nne, ya pili ilikuwa na sita. Mimi nimeshika ufundi wa magari miaka thelathini na mmoja, na yeye ni mtoto wa dada yangu. Kwa desturi yetu hakuweza kununua bila kuniuliza, wala mimi sikuweza kukataa kumjibu.

Jambo halikuwa jepesi, kwa maana fedha zenyewe zilikuwa malipo ya mwisho ya kandarasi yake. Miaka saba ameendesha mitambo ya kuchimba katika machimbo, kisha kandarasi ikaisha. Kwa fedha hizo alikuwa amekusudia kufungua karakana ya kulehemu. Gari la silinda nne lingemwachia za kutosha kununua mashine ya kulehemu na kupanga mahali pa kazi. Lile la silinda sita lingezimeza karibu zote.

Mtu atauliza: kwa nini gari la namna hiyo, tena kwa kijana asiye na kazi? Wengi walimwuliza hivyo, wengine wao wakiwa watu wa jumuiya yetu, na hawakumwuliza kwa upole. Marehemu baba yake alikuwa kibarua wa Gécamines, na kila Jumamosi aliosha 504 ya milango miwili ya mhandisi mmoja Mzungu. Mwezi Mei 1978, vita vilipoingia Kolwezi na askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka, Wazungu waliondolewa kwa ndege wakiwa na mfuko mmoja mkononi. Nyumba zilibaki wazi, na magari yalibaki mbele ya nyumba. Shemeji yangu alilisimulia gari lile mpaka alipofariki. Alieleza viti vyake, usukani wake, na jinsi maji yalivyoteleza juu ya boneti. Hakuwahi kumwambia mwanawe lilikuwa na silinda ngapi. Alimwambia rangi tu.

Kwa hiyo sikumwambia aache. Mtu mzima aliyemzika baba yake vizuri, akamtunza mama yake, ana haki ya kupenda chuma kilichochorwa kwa ustadi. Niliona kazi yangu ni ndogo zaidi: kumsaidia achague injini.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969 huko Geneva, likiwa na injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,796, ambayo muda si mrefu ilikuzwa kufikia 1,971. Mwishoni mwa 1974 ikaja injini ya silinda sita ya 2,664, iliyotengenezwa na Peugeot, Renault na Volvo kwa ushirika katika kiwanda cha Douvrin, kaskazini mwa Ufaransa. Ya kwanza ilitoa nguvu za farasi zaidi kidogo ya 100. Ya pili ilitoa 136. Wakati huo mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani kote, na miaka michache baadaye Peugeot ikairudisha ile ya silinda nne katika gari lilo hilo, kwa sababu wanunuzi waliitaka. Tangu hapo wapenzi wa magari ya zamani wamegawanyika makundi mawili, nao hugombana kwa bidii ambayo ningependa kuiona katika mambo mengine.

Nilianza kumweleza mpwa wangu kwamba silinda nne zamtosha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema: «Mjomba, sisi watu wa hapa kila siku twaambiwa kidogo chatutosha. Kobalti yetu inaingia katika betri za magari ambayo hatutayapanda kamwe. Ikitokea mmoja wetu ametaka silinda sita, hata ninyi wazee wetu mnatuambia nne zatosha. Nani alipima kutosha kwetu?»

Nilinyamaza, kwa sababu neno lake lilikuwa na ukweli. Nimesikia mara nyingi kiasi kikihubiriwa kwa maskini na watu wasiokihitaji wenyewe. Basi nikaamua kwamba neno «kutosha» nisilitumie tena. Kama silinda nne ni bora kwake, na iwe bora kwa hoja za chuma, mafuta na barabara. Vinginevyo ninyamaze na anunue aitakayo.

Hoja ya kwanza ni hewa. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza hapa takriban sehemu moja ya nane ya nguvu zake. Farasi 136 za kitabuni huwa karibu 118, na zile mia na kitu huwa karibu tisini. Tofauti yabaki, lakini si ile aliyoisoma katika simu yake. Tena kabureta iliyopimwa kwa hewa ya Ulaya humwaga petroli kuliko hewa ya hapa inavyoweza kuchoma, mpaka fundi abadilishe jeti zake. Ile ya silinda sita ya miaka ya kwanza ina kabureta mbili zisizofanana: moja ya mdomo mmoja, nyingine ya midomo miwili, moja ikiamka baada ya nyingine. Kuzipatanisha ni kazi ya saburi. Nimekwisha kuifanya, na sikumficha kwamba wanaoiweza katika mji huu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hoja ya pili ni mafuta ya kulainisha. Injini ile ya Douvrin huharibu kamshafti zake upesi ikikosa mafuta mazuri au yakichelewa kubadilishwa. Na hapa kwetu, kila anayenunua mafuta ya injini barabarani ajua kwamba kilichoandikwa juu ya chupa na kilichomo ndani ni habari mbili.

Hoja ya tatu ni vipuri, na hapo silinda nne hushinda bila jasho. Chombo hicho kililala kwa mshazari chini ya boneti za 504 za teksi na pikapu za Afrika nzima, na huko Kaduna, Nijeria, magari hayo yaliendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha. Mwili wake ni chuma cha kusubu, na silinda zake ni za kuchomeka, shemizi kama tuziitavyo garajini. Zikichakaa, huzing'oi kwa mashine kubwa: unazitoa, unaingiza mpya na pistoni zake, na gari laendelea. Nimefanya kazi hiyo chini ya mwembe.

Lakini haki lazima itendeke. Silinda nne ya gari hili la milango miwili si ile ya teksi hasa. Ilitoka kiwandani na pampu ya injeksheni ya Kugelfischer, kifaa kizuri sana na kigumu sana, ambacho mafundi wengi waliking'oa na kuweka kabureta ya kawaida. Gari tuliloliona Lubumbashi lilikuwa limekwisha kufanyiwa hivyo. Lilikuwa limepungukiwa na nguvu na pia na thamani yake, na mwenye kuliuza hakupenda nilitaje jambo hilo kwa sauti.

Mpwa wangu alikuwa na hoja yake pia, naye aliitoa kama mtu anayeweka turufu mezani: mbio za Safari za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1978, ule ule wa vita vyetu, Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alizishinda kwa 504 ya milango miwili ya silinda sita. Ni kweli. Nikamjibu kwamba mwaka 1975 Ove Andersson wa Uswidi alikuwa amekwisha kuzishinda kwa 504 ya milango minne, silinda nne. Akasema hiyo ilikuwa kabla. Nikamwendea nyuma zaidi, mwaka 1974, Joginder Singh, Singasinga wa Kenya, alipoendesha Mitsubishi Lancer ya sentimita 1,600 na kumwacha nafasi ya pili Björn Waldegård, aliyekuwa na Porsche ya lita 2.7. Mbio zile zilikimbiwa wakati wa Pasaka, katika vumbi na tope, na injini kubwa mara nyingi ziliwahi kufika mahali zilipovunjikia. Tukacheka. Nikaona kwamba anafahamu mambo haya kuliko nilivyodhani, na kwamba historia haikuwa upande wangu wala upande wake. Nicolas alikuwa na kiwanda kizima nyuma yake. Nyuma ya mpwa wangu nilikuwepo mimi, na sanduku langu la spana.

Tulikwenda Lubumbashi siku ya Ijumaa. Tuliyaendesha magari yote mawili, kwanza ndani ya mji, kisha kwenye barabara ya Likasi katikati ya malori. Lile la silinda nne liliomba gia mbili ili kupita lori moja. Lile la silinda sita lilipita kwa gia ile ile, likinguruma kwa sauti nene isiyolingana. Injini hiyo haipigi milipuko yake kwa vipindi sawa, na ikiwa imesimama husikika kama mtu anayechechemea kidogo. Ikipata mwendo, kuchechemea kunakwisha. Niliuona uso wa kijana. Hesabu zangu zote za mafuta, kwamba kwa safari moja ya Lubumbashi na kurudi ingekunywa lita kama ishirini zaidi, hazikuwa na nafasi katika uso ule.

Jioni, tukila bukari na samaki, aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. «Mjomba, tuache fedha. Tuache vipuri na mafuta. Ungekuwa wewe, na vyote viko, ungechukua ipi?»

Ningeweza kukwepa. Nilijua kwamba jibu la kweli laweza kuligharimu shauri langu lote. Nikamwambia: ningechukua silinda sita. Gari lile lilichorwa kwa mwendo ambao silinda nne haiufikii kwa raha, na mtu aliyewahi kuisikia injini ile ikipanda kilima hasemi kwamba mbili hizi ni sawa, isipokuwa anauza moja.

Alikaa kimya muda mrefu, akichambua miiba ya samaki wake. Kisha akasema kwamba tangu mwanzo alingoja mtu mmoja amwambie hivyo. Wote waliomshauri walimwambia kwamba anachokipenda hakina maana, na kwa hiyo hakuweza kuamini neno lao lingine lolote. «Sasa nieleze tena habari za shemizi,» akasema.

Nikamweleza tena, polepole, tukihesabu juu ya karatasi ya mkate: bei ya gari, bei ya shemizi nne na pistoni, usafirishaji, mashine ya kulehemu, pango la miezi sita, na fedha za matibabu ya macho ya mama yake, ambazo hata siku moja hakuwa amezitaja mbele yangu. Silinda nne iliacha nafasi kwa kila mstari. Silinda sita ilifuta mistari mitatu ya mwisho. Hakuna aliyemwambia lolote juu ya karatasi ile. Aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Dada yangu alipewa miwani mipya mwezi Desemba. Karakana iko katika mtaa wetu wa Manika, karibu na njia ya malori, na gari limesimama ndani ya ua wake chini ya turubali, rangi yake imefifia kiasi kwamba wateja hubishana kama ni kijivu au buluu. Jumapili huliendesha mpaka kanisani na kurudi. Juzi amenijia na habari kwamba kuna mtu Likasi mwenye pampu ya Kugelfischer iliyolala ghalani tangu zamani, na anataka kujua kama naweza kuirudisha mahali pake. Nimemwambia nitaitazama kwanza. Bei aliyotajiwa ni ya wazimu, nasi tunaendelea kuijadili.