Njaa Isiyopata Habari ya Shibe

Mtu mnene huitwa mlafi hata na wale ambao hawajapata kula naye sahani moja. Hukumu hiyo ni nyepesi kutolewa, na pengine ndiyo sababu inapendwa.

Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walionekana panya waliokula bila kikomo wakanenepa kupita kiasi. Walikuwa wamerithi kasoro, lakini jeni yenye kasoro hiyo haikupatikana mpaka 1994, kwa kazi ya Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo huchukuliwa na damu hadi ubongoni kupeleka habari kwamba akiba ipo. Panya wale hawakuwa na mjumbe huyo. Miili yao ilijaa akiba, na ubongo wao ukasadiki kwamba ni wakati wa njaa.

Mwaka 1997 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliokosa leptini vivyo hivyo. Msichana alikuwa na umri wa miaka 8 na uzito wa kilo 86. Nani hakumwona mlafi? Alipochomwa sindano za leptini, hamu yake ya chakula ilipoa, na katika mwaka mmoja kilo 16 zikamtoka, bila mahubiri ya kiasi.

Watu kama yeye ni wachache sana. Wanene wengi wana leptini tele, ila ubongo hauitii vyema. Na urithi wao ni wa tofauti nyingi ndogo ndogo, ambazo chakula tele huzikuza.