Kitambaa na Majani ya Mtini

Kanisani kwetu msichana asiyejifunga kitambaa haimbi kwaya. Mwaka jana mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Mchungaji alimweleza kwamba kichwa cha mwanamke hufunikwa kwa ajili ya dhambi ya Hawa. Tangu siku hiyo mdogo wangu haendi tena. Mimi ninakwenda, na kitambaa ninajifunga kwa hiari yangu. Ninachokataa ni ile sababu.

Kabla ya anguko, Adamu na Hawa hawakuwa na nguo wala aibu. Efremu Mshamu na Yohane Krisostomo walifundisha kwamba walikuwa wamevikwa utukufu, na dhambi ndiyo iliyowavua. Baada ya tunda, wote wawili walishona majani ya mtini, na wote wawili Mungu akawatengenezea mavazi ya ngozi. Kama vazi ni kumbukumbu ya anguko, basi hata suti ya mchungaji imo.

Tukiuliza kuhusu kitambaa tunaonyeshwa Paulo, sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Nimeisoma mara nyingi nikimtafuta nyoka, simwoni. Paulo anataja uumbaji, malaika, desturi, hata urefu wa nywele, tunda haligusi. (Kudanganywa kwa Hawa kumo katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, ila pale hakuna kitambaa.) Tena wanawake anaowaagiza wafunike vichwa ni wale wanaosali na kutoa unabii. Kwetu tunafunika vichwa, halafu mimbarini haturuhusiwi kupanda. Tumechukua nusu ya maneno yake, ile iliyo rahisi kwa wanaume.

Aliyeunganisha waziwazi mavazi ya mwanamke na kosa la Hawa ni Tertuliano wa Karthago, zaidi ya miaka 100 baada ya Paulo. Alitaka mwanamke avae kama aliye matangani. Mchungaji wetu anamhubiri Tertuliano akidhani ni Paulo.

Bibi yetu ni Mkatoliki. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 1262, iliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Sheria mpya ya 1983 haikuirudia. Yeye hakuambiwa na mtu. Nilipomwambia mimi, alicheka tu, akaendelea kukaza fundo la kitambaa chake.